Waranti ya kisu ghali cha kukunja: utarajie nini, na uidai vipi usikataliwe

Ninanoa visu Arusha. Wateja wangu wengi ni waongoza watalii, wapishi wa kambini na wagumu (wapagazi) wa mlimani, na visu vyao vizuri vingi walipewa na wageni mwisho wa safari. Haupiti mwezi bila mtu kuniletea kisu cha dola 200 na zaidi chenye tatizo, na kwenye simu yake ana barua pepe ya kampuni iliyomkatalia.

Wengi wao walistahili kusaidiwa. Walikwama kwa sababu maelezo yao hayakueleweka, au walifungua skrubu wasizoruhusiwa kugusa, au walidai waranti kwa jambo ambalo halimo kwenye waranti. Hao wa mwisho ndio wanaoniuma zaidi, maana mara nyingi kampuni ileile ingewatengenezea kwa ada ndogo kama wangeomba huduma.

Waranti ni ahadi ya kiwanda kwamba kisu kilitoka kwao bila kasoro ya malighafi wala ya ufundi. Huduma ni kazi ambayo kampuni inakubali kukufanyia hata kama kosa si lao: kunoa, kusafisha, kubadilisha ubapa, kukuletea skrubu iliyopotea. Utakutana na tofauti hiyo katika kila hatua hapa chini.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Risiti au barua pepe ya ununuzi, yenye tarehe na jina la duka.
- Boksi la kisu na karatasi zote zilizokuja nalo. Usitupe hata kile kikadi kidogo.
- Simu yenye kamera nzuri, na mahali karibu na dirisha penye mwanga wa mchana.
- Bisibisi zenye ncha ya nyota ya pembe sita, saizi T6, T8 na T10. Ndizo zinazofungua visu vingi vya aina hii.
- Mafuta mepesi. Ya cherehani yanatosha.
- Mswaki wa zamani, sabuni, kitambaa kikavu.
- Maka peni.
- Kadibodi ngumu, selotepu pana na plastiki ya mapovu.
- Bei ya kutuma kifurushi, iliyoandikwa, kutoka Posta na kutoka kampuni moja ya kubeba vifurushi. Usikisie.

Kama kisu ni zawadi na huna risiti, usikate tamaa. Nimeeleza la kufanya kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Soma ahadi yenyewe kabla hujalipa

Fungua ukurasa wa waranti wa kampuni, uusome wote, kisha upige picha ya skrini siku hiyohiyo. Masharti hubadilika, na picha yako itaonyesha uliahidiwa nini siku uliyonunua.

Tafuta mambo manne.

Neno "limited", yaani yenye mipaka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inataka waranti ya maandishi ya bidhaa inayozidi dola 10 itajwe kama ni kamili au yenye mipaka. Waranti ya kisu karibu kila mara ni yenye mipaka. Hiyo si hila, ila inakuambia kwamba mipaka imeandikwa mahali fulani, na ni kazi yako kuitafuta.

Maisha ya nani? "Waranti ya maisha" inaweza kumaanisha maisha ya kisu, au muda wote ambao mnunuzi wa kwanza anakimiliki. Buck wa Idaho wanaahidi maisha yote ya kisu. Kershaw na Zero Tolerance, ambao wote ni wa kampuni ya KAI, wanaitoa kwa mmiliki wa kwanza. Victorinox wa Uswisi wanatoa ya maisha dhidi ya kasoro za malighafi na utengenezaji, ila kwa sehemu za umeme ni miaka 2. Leatherman, ambao koleo zao zenye visu wageni wetu huzipenda sana, kwa miaka mingi wamejulikana kwa waranti ya miaka 25.

Yasiyohusika. Hapa maneno hufanana kila mahali: uchakavu wa kawaida, matumizi mabaya, kutu, kupotea, kubadilisha umbo la kisu, kunoa vibaya. Ukiona sehemu hii ni fupi mno, usifurahi haraka. "Matumizi mabaya" peke yake ni gunia linaloweza kubeba mengi.

Huduma za bure au za ada. Benchmade wana huduma waliyoiita LifeSharp: unakipeleka kisu, wanakisafisha, wanakitia mafuta, wanakaza na kunoa, na wewe unagharimia usafiri. KAI nao hunoa visu vyao bila malipo ya kazi. Kwa mtu anayetumia kisu kila siku, mstari huu una faida kubwa kuliko neno "maisha".

Ukinunua Ulaya au Uingereza, una haki ya pili isiyotegemea waranti ya kiwanda. Ndani ya Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa kasoro kwa miaka 2. Uingereza, sheria ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kudai fedha yako yote. Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji auze bidhaa yenye ubora unaostahili. Madai ya namna hii humwendea muuzaji, hata kama kiwanda kiko mbali.

*Umefaulu ukiweza kujibu kwa sentensi moja:* kampuni hii itanitengenezea nini bure, nini kwa ada, na nini haitagusa kabisa.

## Hatua ya 2: Hakikisha kisu ni cha kweli

Visu vya Benchmade, Spyderco na Chris Reeve vinaigizwa sana, na kisu bandia hakina waranti hata siku moja. Angalia orodha ya mawakala kwenye tovuti ya kampuni. Duka lisilo kwenye orodha laweza kukuuzia kisu halisi, lakini kampuni nyingine hukataa waranti kwa kilichonunuliwa nje ya mtandao wao wa mawakala.

Bei ikiwa nusu ya ile ya kila mahali, kisu hicho si chao.

Kabla ya kununua cha mtumba, muulize muuzaji jambo moja: "Uliwahi kukifungua?" Jibu lake lihifadhi kwa maandishi.

## Hatua ya 3: Kikague siku kinapofika

Watu huruka hatua hii kwa furaha ya kitu kipya. Kasoro iliyoripotiwa siku ya pili haina mjadala mrefu, lakini ile ile ikiripotiwa baada ya mwaka italeta maswali. Tenga dakika ishirini, na kabla ya kukata chochote piga picha pande zote.

Ubapa unacheza? Fungua kisu. Shika mpini kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono wa pili shika mgongo wa ubapa karibu na ncha, mbali na makali. Sukuma kushoto na kulia polepole. Ukisikia mtikisiko, skrubu ya egemeo, ile kubwa ambayo ubapa huzungukia, imelegea. Hilo si kasoro: ikaze kidogo sana, kama dakika tano kwenye uso wa saa, kisha ujaribu tena. Ukikaza kupita kiasi ubapa utakuwa mzito kufunguka.

Sasa sukuma juu na chini. Mtikisiko wa huku hauponi kwa skrubu, kwa sababu chanzo chake ni kufuli, yaani kile kinachouzuia ubapa usijifunge, na sehemu ya ubapa inayoegemea kufuli. Kwenye kisu kipya hiyo ni kasoro halali ya waranti.

Kufuli limeshika wapi? Kwa visu vyenye bamba linaloingia nyuma ya ubapa, chungulia kutoka upande wa mgongo kisu kikiwa wazi. Bamba linatakiwa liwe limeingia vya kutosha kushika imara, na liwe limebakiza nafasi ya kusogea miaka inavyokwenda. Kama kisu ni kipya na bamba limeshavuka hadi ukingo wa upande wa pili, limeanza pale ambapo linapaswa kuishia. Piga picha, ripoti.

Onyo: usijaribu kufuli kwa kugonga mgongo wa ubapa juu ya meza kama wanavyofanya vijana kwenye video. Pigo la ghafla huumiza kufuli zima likaharibika, na alama yake mafundi wa kiwanda wanaitambua. Badala yake, weka mgongo wa ubapa juu ya kipande cha mbao na ukandamize pole pole, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya makali.

Kikifungwa, ubapa umekaa katikati? Ukigusa ukuta wa mpini na kuukwaruza, dai. Ukiegemea upande mmoja bila kugusa, kampuni nyingi watasema ni kawaida, nami naona wako sahihi.

Kinafunguka chenyewe? Kifunge, kielekeze chini juu ya kitanda au mto, ukitikise kwa kiasi. Ubapa ukichungulia nje, usikiweke mfukoni hata mara moja. Hili ni suala la usalama, na kwenye ujumbe wako lianze na neno hilo: usalama.

Makali. Kata karatasi kutoka kisiginoni hadi nchani. Kikichana mahali pamoja tu, paka makali maka peni, piga msasa mara mbili kwenye jiwe, na utaona wino uliobaki: hapo kiwanda kiliruka. Kasoro ndogo kama hii ninashauri uinoe mwenyewe. Kutuma kisu ng'ambo kwa ajili ya milimita tatu za makali ni hasara.

*Umefaulu ukiwa na:* picha kumi hivi, zikiwa na tarehe, za kisu kisicho na mkwaruzo wa matumizi.

## Hatua ya 4: Kitumie bila kuiua waranti

Mambo matatu yanawaponza watu huku kwetu.

La kwanza ni kufungua kisu chote. Kampuni hazikubaliani juu ya hili. Chris Reeve wa Boise, Idaho, wanakupa funguo za kufungulia ndani ya boksi na wanakuruhusu ukisafishe mwenyewe; kisu chao mashuhuri kinaitwa Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Kampuni nyingine huhesabu kufunguliwa kama mwisho wa waranti. Fuata maandishi ya kampuni yako, usifuate ushauri wa rafiki.

Mimi nililipia somo hili. Nilifungua kisu changu kutoa mchanga wa Manyara, springi moja ikaruka, na nilipokirudisha ubapa haukukaa tena katikati. Kampuni ilikataa, na masharti yao yalikuwa wazi tangu mwanzo. Sikuwa nimeyasoma. Siku hizi mchanga nautoa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mswaki, nakikausha kikiwa wazi juani nusu saa, natia tone moja la mafuta kwenye egemeo. Kwa asilimia kubwa ya visu hiyo inatosha.

La pili ni grainda. Fundi wa mtaani mwenye jiwe la umeme atakinoa kisu chako kwa dakika moja na atakiharibu kwa dakika hiyohiyo. Joto likigeuza makali kuwa ya kahawia au bluu, chuma kimeungua na hakitashika makali tena. Hakuna kampuni itakayolipia. Nenda kwa anayenoa kwa jiwe la mkono na maji.

La tatu ni kuchonga jina. Najua sababu: kambini visu vinabadilishana mifuko. Lakini jina lililochongwa kwenye ubapa ni kubadilisha kisu. Liandike kwenye mfuko wake, au funga uzi wa rangi yako kwenye tundu la mpini.

Kwa walio pwani, Tanga, Mombasa, Unguja: chunguza kisu chako ni cha chuma gani. CPM-M4 ni chuma kinachosifiwa kwa kushika makali, lakini kina kromiamu (inayozuia kutu) ya asilimia 4 hivi tu, kwa hiyo upepo wa chumvi unakitia kutu upesi. Kampuni haitaiita kutu hiyo kasoro. MagnaCut, kilichotoka mwaka 2021, kinastahimili chumvi vizuri sana. Hata S30V, chenye kromiamu ya asilimia 14, kinahitaji kusuuzwa kwa maji yasiyo ya chumvi baada ya kupaa samaki.

## Hatua ya 5: Tambua tatizo lako liko fungu gani

Kabla hujaandika neno lolote kwa kampuni, weka tatizo kwenye fungu moja kati ya matatu: kasoro ya kiwanda, uchakavu, au nguvu iliyozidi. Ukiwa mkweli hapa, kazi yote iliyobaki inakuwa nyepesi.

Ncha iliyovunjika. Karibu kila mara chanzo ni kubandua kitu kwa ncha. Mwongoza watalii mmoja aliniletea kisu chenye ncha iliyokatika milimita nne, akaniapia alikuwa anakata kamba. Nilikiweka chini ya kioo cha kukuza. Pale palipokatika palikuwa pamepinda upande mmoja, na kando yake kulikuwa na vumbi jeusi la mpira. Nikamuuliza tairi lilikuwa la mbele au la nyuma. Alicheka, akakiri: alikuwa anachokonoa kokoto kwenye tairi la Land Cruiser. Mimi nina kioo cha kukuza tu. Fundi wa kiwandani ameshaona ncha kama hizo kwa maelfu.

Hilo ni fungu la tatu, nguvu iliyozidi, na dawa yake ni huduma: unaomba wakichonge ncha upya au wakuuzie ubapa mpya. Kampuni nyingi hufanya hivyo kwa bei ndogo sana ukilinganisha na kisu kipya.

Springi ya kufuli iliyokatika. Visu vyenye kufuli la kipini kinachopita upande hadi upande, kama kufuli la AXIS la Benchmade, hutegemea springi mbili nyembamba. Moja ikikatika utahisi kufuli limekuwa jepesi upande mmoja. Hukupiga, hukubandua, imekatika kwa kufanya kazi yake. Dai bila woga.

Makali yanayomeguka. Hapa subiri kidogo. Kiwandani makali ya mwisho huwekwa kwa mkanda wa mashine, na joto lake laweza kudhoofisha tabaka la juu kabisa. Noa kwa jiwe mara mbili au tatu hadi ufike chuma kizima, kisha ukitumie wiki moja. Kikitulia, hukuwa na tatizo. Kikiendelea kumeguka kwa kazi ya kawaida kama kukata kamba au kadibodi, sasa una dai la kasoro ya chuma, na unaweza kusema ulijaribu nini. Kama kilimegukia kwenye mfupa wa mbuzi, hilo ni fungu la tatu.

Ubapa uliopungua upana. Miaka kumi ya kunoa inakula chuma. Huo ni uchakavu, na ni heshima kwa kisu.

Klipu iliyopinda, skrubu iliyopotea. Usidai waranti. Omba tu, kwa adabu, na utaje modeli. Vitu vidogo hivi kampuni nyingi hutuma bila maneno mengi.

Kufuli lililolegea baada ya miaka. Hili liko mpakani. Laweza kuwa uchakavu, laweza kuwa chuma laini. Eleza dalili na uwaachie waamue, usiwaandikie hukumu.

*Umefaulu ukiweza kusema:* "Tatizo langu ni kasoro, ninadai waranti," au "Tatizo langu ni mimi, ninaomba huduma."

## Hatua ya 6: Andika ombi linalojibika

Tumia fomu ya kampuni kama ipo, kwa sababu ndiyo inayokupa namba ya ombi. Bila namba hiyo kifurushi chako kikifika kitakaa rafuni.

Andika kwa lugha nyepesi, aya fupi, kwa mpangilio huu: modeli na aina ya chuma, ulinunua lini na wapi, dalili (si maoni), umeshajaribu nini, unaomba nini. Ujumbe mzuri ukitafsiriwa unasomeka hivi:

> Nina kisu chenu, modeli hii, nilichonunua mwezi wa tatu mwaka jana kwa wakala huyu. Tangu wiki iliyopita kufuli linarudi polepole upande wa kushoto, na mara mbili ubapa umejifunga nusu ukiwa na mzigo mdogo. Nimekisafisha na kukitia mafuta, hali haijabadilika. Sijakifungua. Picha nne na risiti nimeambatanisha. Naomba mnielekeze namna ya kukituma kwa ukaguzi. Niko Tanzania.

Ona kwamba hakuna malalamiko wala sifa. Usitie chumvi. Neno "sijakifungua" liandike kama ni kweli tu. Nyuzi za skrubu na gundi yake husema wazi kama zimeguswa.

Mstari wa mwisho, "niko Tanzania", ni wa lazima. Wengine hawapokei kutoka ng'ambo moja kwa moja na watakuelekeza kwa wakala wa kanda. Ni heri ujue kabla ya kulipa Posta.

Kama kisu ni zawadi: mwandikie mgeni aliyekupa. Muombe risiti, na kama waranti ni ya mmiliki wa kwanza, muombe afungue ombi kwa jina lake. Sijaona mgeni aliyekataa. Wengi hufurahi kusikia kisu bado kinafanya kazi. Kama mawasiliano yamepotea, iandikie kampuni ukweli: ulipewa zawadi, na nani, takriban mwaka gani. Huenda waranti ikakosekana na huduma ikapatikana.

## Hatua ya 7: Piga hesabu, kisha funga na utume

Chukua bei ya kutuma kwenda, ongeza ya kurudi, ongeza ushuru unaowezekana, linganisha na thamani ya kisu. Ikizidi theluthi ya bei ya kisu kipya, mimi husita, isipokuwa kisu kina historia moyoni mwa mwenyewe.

Njia nafuu tunayotumia Arusha ni mgeni anayerudi nyumbani. Anakiweka kwenye begi la mizigo linalokaguliwa, kamwe si la mkononi, anakituma kutoka kwao kwa posta ya ndani, na anayekuja msimu ujao anakirudisha. Inachukua miezi, lakini gharama hushuka sana. Muulize mgeni mapema, na umwambie wazi ni nini anachobeba.

Ukituma mwenyewe:

1. Kabla ya kutuma, waulize watu wa forodha kuhusu hati inayoonyesha kwamba kitu kinatoka nchini kwa matengenezo na kitarudi. Bila hati hiyo kikirudi kitaonekana bidhaa mpya iliyoagizwa.
2. Safisha kisu. Mabaki ya nyama au udongo yanaweza kukwamisha kifurushi.
3. Kifunge kisu, kizungushie selotepu kisifunguke, kikunje kwa plastiki ya mapovu, weka kwenye boksi gumu. Usitume boksi la asili la kisu, lihifadhi nyumbani.
4. Ndani weka karatasi yenye jina, anwani, simu, namba ya ombi na maelezo mafupi ya tatizo.
5. Andika thamani ya kweli, na lipia namba ya kufuatilia kifurushi.

Onyo: kisu kinachoruka wazi kwa kubonyeza kitufe usikitume hovyo. Marekani ina sheria ya mwaka 1958 inayozuia visu hivyo kuingizwa nchini, na Uingereza imevipiga marufuku. Zungumza na kampuni kwanza.

*Umefaulu ukiwa na:* namba ya ombi, namba ya kifurushi, hati ya forodha na picha ya kisu kikiwa ndani ya boksi lililo wazi.

## Hatua ya 8: Kikirudi, au wakikataa

Kikirudi, rudia ukaguzi wote wa hatua ya 3 siku hiyohiyo, na uwe mwangalifu: kimenolewa upya na kitakuwa kikali kuliko ulivyozoea. Ubapa ukiwa umebadilishwa, alama ulizozizoea hazitakuwepo, na hilo si kosa lao. Karatasi ya kazi waliyofanya iweke pamoja na risiti.

Wakikataa, usijibu usiku uleule. Kesho yake uliza maswali mawili tu: ni sharti lipi lililowazuia, na je, wanaweza kufanya kazi hiyo kwa ada? Swali la pili limefungua milango mingi kuliko mabishano yote niliyowahi kuyaona.

Yule wa tairi la Land Cruiser alifanya hivyo. Aliandika kwamba ncha aliivunja mwenyewe, akaomba bei ya ubapa mpya. Kisu kilikwenda na mgeni mwezi wa sita, kikarudi mwezi wa tisa. Sasa kwenye mlango wa gari lake kuna bisibisi ya bapa ya shilingi 2,000, ya kokoto.